Mwalimu, Idadi ya Wanafunzi Iandikwe Kwenye Mkataba Wako

Mikataba mingi ya walimu wa shule za kibinafsi hapa Nakuru unaweza kuisoma ukiwa kwenye foleni ya matatu ukaimaliza kabla gari halijajaa. Mshahara, saa ya kuripoti, likizo, notisi ya mwezi mmoja, halafu ule mstari wa mwisho unaosema utafanya "kazi nyingine yoyote utakayopangiwa". Utafundisha watoto wangapi? Hakuna anayesema. Ndiyo maana Januari unaingia Gredi ya 8 unakuta wanafunzi 47, mwezi wa sita wamefika 63, na mshahara haujasonga hata kwa shilingi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa JSS, yaani sekondari ya chini, na wenzangu wamenipa kazi ya ukatibu wa kamati ya walimu, kazi ambayo hailipwi ila kwa lawama. Haya ninayoandika ni ya mwalimu anayetaka kikomo cha wanafunzi kiingie kwenye mkataba, awe anajadiliana peke yake au pamoja na wenzake.

Kwanza jua unaomba nini

Kuna mambo mawili ambayo mwajiri hupenda yachanganywe. Moja ni ukubwa wa darasa, yaani watoto walioketi mbele yako kipindi kikianza. La pili ni uwiano, yaani wanafunzi wote wa shule ukiwagawa kwa walimu wote. Mkurugenzi akikuambia, "Madam, hapa uwiano wetu ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi thelathini, hata serikali haitufikii," huenda asiwe anadanganya. Lakini wewe bado una 60 darasani.

Tufanye hesabu. Shule ina wanafunzi 480 na walimu 16. Uwiano ni 1 kwa 30. Wanafunzi hao wamepangwa katika mikondo 8, kila mmoja una 60. Kila mkondo unasoma vipindi 40 kwa wiki, kwa hiyo shule nzima inahitaji vipindi 320, na kila mwalimu anabeba 20. Uwiano ni 30, darasa ni 60, na hakuna aliyedanganya. Ukiongeza kwamba katika wale walimu 16 kuna naibu asiyeshika chaki na mwalimu wa michezo anayeshinda uwanjani, ujue uwiano ulioandikwa kwenye brosha ya shule hauna kazi kwako.

Sasa endelea na hesabu hiyo hiyo, kwa sababu hapa ndipo walimu wengi huumia. Tuseme umeshinda, na mkataba unasema darasa lisizidi 40. Mikondo inakuwa 12, vipindi vinakuwa 480 kwa wiki. Mwajiri akibaki na mzigo wa vipindi 20 kwa kila mwalimu, atahitaji walimu 24. Ataajiri wanane? Thubutu. Atawapandisha nyinyi hadi vipindi 27, ambavyo ndivyo TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, huhesabu kuwa mzigo wa mwalimu wa sekondari, na hapo walimu 18 watatosha. Ataajiri wawili na kuwaambia wazazi ameleta mageuzi. Nyinyi mmepunguziwa wanafunzi darasani na kuongezewa vipindi saba kwa wiki. Kwa hiyo kikomo cha darasa na kikomo cha vipindi ni lazima viingie mkatabani siku moja, katika kifungu kimoja ikiwezekana. Ukibana kimoja ukaacha kingine, umebana puto: hewa itatokea upande wa pili.

Uwiano wa shule nzima una faida yake pia, usiutupe. Unamzuia mwajiri kuacha nafasi wazi mwalimu anapoondoka katikati ya muhula. Ila usiukubali badala ya kikomo cha darasa. Na ukiuandika, taja kwamba wanaohesabiwa ni walimu wenye ratiba ya kufundisha pekee.

Beba vipimo, usibebe malalamiko

"Madarasa yamejaa" ni kilio ambacho kila mkurugenzi amekizoea. Nenda na futi.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6 hivi, na kusema lisizidi wanafunzi 30 kwa madawati ya mtu mmoja au 40 kwa madawati ya watu wawili. Mlango ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwongozo huo unazihusu shule za kibinafsi vilevile, si za serikali tu. Darasa la mita 7.5 kwa 6 lina mita 45 za mraba, maana yake kila mtoto ana mita moja na kidogo. Lakini shule nyingi za mitaa yetu ya Kaptembwo na Rhonda ziko kwenye nyumba za mabati zilizojengwa kwa ajili ya wapangaji, na chumba cha mita 6 kwa 5 si ajabu. Kwa kipimo hicho hicho cha wizara, chumba kama hicho kinatosha wanafunzi 26. Niliazima futi ya fundi nikapima chumba ninachofundishia, nikaandika vipimo kwenye karatasi ya grafu, nikachora madawati yalivyo. Mchoro ule ulisaidia kuliko hotuba zote za kamati, kwa sababu ulionyesha kitu ambacho mkurugenzi hakuwahi kukiona akiwa ofisini: kutoka ubaoni hadi dawati la kwanza, kiatu changu kinaenea na nafasi ndogo ya kugeukia. Kati ya mistari ya madawati hakuna njia. Daftari la mtoto wa nyuma hupitia mikono ya watoto sita au saba kabla halijanifikia, na hurudi kwa njia hiyo hiyo, kila aliyeketi katikati akiwa amelisoma.

Pima pia muda. Daftari moja la hisabati, ukilisahihisha kwa haraka bila kuandika maoni, ni dakika 2. Wanafunzi 62 ni zaidi ya saa 2 kwa zoezi moja la mkondo mmoja, na wewe una mikondo minne. Andika hesabu hii kwa somo lako. Mwalimu wa Kiswahili au Kiingereza mwenye insha ana hesabu mbaya zaidi, na anapaswa kuileta mezani.

Halafu weka kumbukumbu za rejista. Andika idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliohudhuria, kila wiki, kwa mihula miwili angalau. Usiandike mahudhurio peke yake. Ile Jumatatu watoto wanapotumwa nyumbani kufuata karo, darasa la 62 hubaki na 41, na mwajiri mwerevu atataka siku ya kuhesabu iwe Jumatatu hiyo. Nimeona ikijaribiwa.

Unajadiliana na nani

Kama umeajiriwa na TSC, kikomo chako hakipatikani kwa barua yako binafsi. Mkataba wa maelewano, ule CBA, hujadiliwa na vyama: KNUT, KUPPET na KUSNET ya walimu wa elimu maalum. Hiyo mikataba imekuwa kwa sehemu kubwa ni ya mishahara na marupurupu, na idadi ya wanafunzi haipati nafasi mezani kwa sababu wanachama wenyewe hawaisukumi. Kazi yako ni kwenye mkutano wa tawi, kuhakikisha hoja inaandikwa kwenye mapendekezo kabla hayajapanda Nairobi. Baada ya hapo umechelewa.

Mwalimu wa BOM ana mkataba na bodi ya usimamizi. Bodi huwa na wazazi, na wazazi wenye watoto katika darasa la 70 ni rafiki zako kuliko unavyodhani.

Sisi wa kibinafsi tuna njia mbili. Ya kwanza ni mkataba wako wewe na mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, utaje aina ya kazi na saa za kazi, na ikiwa jambo lililomo linabadilishwa, mwajiri ashauriane nawe na kukujulisha kwa maandishi. Watoto kuongezeka si badiliko la mkataba ikiwa mkataba haukutaja watoto. Ukitaja, kuwaongeza bila kukuuliza kunakuwa kuvunja mkataba. Njia ya pili ni chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mwajiri atakitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho, na mkataba wa maelewano ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira unaingia wenyewe kwenye mkataba wa kila mmoja wenu, hata yule aliyekuwa akiogopa kuja mkutanoni. Njia hii ni ndefu. Shule yenye walimu 11 inaweza kuanza na ile ya kwanza, lakini wote 11 wakiomba kifungu kimoja chenye maneno yale yale. Mwalimu mmoja akiomba, atajibiwa kwamba wako wengi wanaotafuta kazi.

Wakati ni Oktoba na Novemba, kabla mikataba ya Januari haijachapishwa na kabla mkurugenzi hajaanza kupokea wanafunzi wapya. Desemba akiwa ameshachukua karo ya watoto 20 wa ziada, huna la kumwambia.

Maneno yenyewe

Mkataba ukisema "shule itajitahidi kuweka madarasa katika ukubwa unaofaa", hujapata kitu. "Itajitahidi", "inapowezekana", "kwa kadiri ya uwezo wa shule": ukiona maneno haya, rudisha karatasi. Walimu wa Los Angeles walikuwa na vikomo vya madarasa kwenye mkataba wao kwa miaka, lakini mlikuwa na kifungu cha 1.5 kilichoruhusu wilaya kuvipuuza kwa sababu za fedha. Vikomo vilikuwa karatasini tu. Mwaka 2019 waligoma siku 6, na moja ya mambo waliyoyapata ni kufutwa kwa kifungu hicho. Kwa hiyo ukishasoma kikomo, soma kurasa zote zinazofuata ukitafuta mlango wa nyuma.

Kifungu ambacho mimi ningekubali kinakaribia hivi. Kiandikwe kwa lugha ya mkataba wenu, ambayo mara nyingi ni Kiingereza, lakini kikubaliwe kwanza kwa lugha ambayo kila mwalimu anaielewa bila kuuliza:

"Hakuna darasa litakalozidi wanafunzi 45 walioandikishwa katika rejista. Hesabu itafanywa Ijumaa ya wiki ya tatu ya kila muhula na mwakilishi wa mwajiri pamoja na mwakilishi wa walimu, na wote wawili watatia sahihi. Darasa likizidi 45, mwajiri ataligawa au kuweka mwalimu msaidizi ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita, mwalimu wa kila somo katika darasa hilo atalipwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila mwanafunzi aliyezidi, kila mwezi, mpaka idadi irudi. Kwa vyovyote vile, hakuna darasa litakalozidi 50. Mzigo wa mwalimu hautazidi vipindi 27 kwa wiki, na kipindi cha kushika darasa la mwalimu asiyekuwepo kitahesabiwa."

Mbona 45 na si 40? Kwa sababu hii ni shule iliyo na 63, na mkurugenzi atakayekubali 40 kwa mara moja hana nia ya kuitimiza. Weka 45 mwaka huu, na uandike mle mle kwamba itashuka hadi 40 mwaka unaofuata. New York walifanya hivyo kisheria mwaka 2022: kikomo cha sekondari kimewekwa 25, lakini shule zimepewa hadi 2028 kukifikia, hatua kwa hatua.

Malipo ya ziada yana hila yake. Ukiyaacha bila ile 50 ya mwisho, utaona walimu wenyewe wakimwambia mkurugenzi aongeze watoto, maana mwisho wa mwezi una mahitaji. Mimi simlaumu mtu, karo za watoto wetu wenyewe tunazilipa. Lakini pesa hiyo iwe ya kumkera mwajiri hadi agawe darasa, isiwe nyongeza ya mshahara kwa jina lingine. Ikiwa kiasi mlichokubaliana kwa watoto 5 waliozidi ni nafuu kuliko kuajiri mwalimu, mwajiri atalipa na kusahau.

Usisahau kuunganisha madarasa. Mwenzako akiugua, mikondo miwili inawekwa pamoja ukumbini na wewe unasimama mbele ya watoto 110 "kwa leo tu". Andika kwamba kuunganisha kusizidi kipindi kimoja au viwili kwa siku na kusiendelee zaidi ya siku kadhaa mnazokubaliana. Maabara iwe na kikomo chake, kidogo kuliko cha darasa. Asidi haijali uwiano wa shule. Na mtoto anayehitaji uangalizi maalum ahesabiwe zaidi ya mmoja, au msaidizi wake awekwe wazi.

Atakayosema mkurugenzi

Atasema hakuna pesa. Fanya hesabu naye, kwa karo ya shule yenu. Mfano: watoto 18 waliozidi, karo 9,000 kwa muhula, ni 162,000. Mwalimu wa 20,000 kwa miezi 4 ni 80,000. Zinazobaki zinanunua madawati. Yeye atasema nusu hawajalipa, na pengine ni kweli. Mwambie alete daftari la karo. Mara nyingi kizuizi halisi ni chumba, si mshahara, na hapo mnaweza kuongea kuhusu chumba.

Mkurugenzi aliyesoma sana atakuletea utafiti uliofanywa hapa kwetu, Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi zilizopewa mwalimu wa ziada wa kandarasi, darasa la watoto 80 na zaidi likagawanywa karibu nusu. Watoto waliobaki na walimu wa kawaida hawakupanda sana. Waliofundishwa na wale wa kandarasi ndio walifanya vizuri. Usiukane, ni utafiti wa watu makini. Ndiyo maana mimi sijawahi kumwahidi mkurugenzi kwamba alama zitapanda darasa likipungua. Sema unachoweza kukithibitisha: madaftari yatasahihishwa mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, kazi za tathmini za mtaala wa umilisi, ule wa CBC, zitaandikwa kwa kila mtoto badala ya kubahatishwa, na watoto wataweza kutoka nje moto ukizuka. Hayo ni masharti ya kazi, na Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya masharti yanayofaa. Alama ni mjadala mwingine.

Kikivunjwa

Hesabu ya wiki ya tatu ikizidi, andika barua siku hiyo hiyo. Fupi: darasa, idadi, tarehe, kifungu cha mkataba, na ombi la kutekelezwa ndani ya siku 14. Upeleke nakala mbili ofisini, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ujumbe wa WhatsApp kwa mkurugenzi si barua, ingawa usiufute. Siku 14 zikiisha, barua ya pili ya kudai malipo. Baada ya hapo ni chama, au afisa wa leba, na mwisho Mahakama ya Ajira, ambayo ina kituo hapa Nakuru na kingine Kisumu. Huhitaji kukataa kuingia darasani. Usikatae, kwa sababu utakuwa umemkabidhi mwajiri kosa lako mkononi. Fundisha huku ukidai.

Je, akikufuta? Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufutwa, mradi malalamiko yana msingi, na kuwa mwanachama wa chama pia si sababu. Hiyo haimzuii kujaribu, ila inakupa kesi. Walimu wa British Columbia huko Kanada walinyang'anywa vifungu vyao vya ukubwa wa madarasa kwa sheria ya mwaka 2002, wakakaa kortini hadi 2016 ndipo Mahakama ya Juu ikawapa ushindi. Wewe huenda usifike huko, lakini madai ya mkataba wa kazi kwetu yana muda wa miaka 3 kufikishwa kortini, kwa hiyo karatasi zihifadhiwe kwa muda huo angalau: mkataba, hesabu zenye sahihi mbili, barua zenye muhuri, picha ya rejista yenye tarehe. Ziweke nyumbani. Kabati la staffroom ni la shule, na mwalimu aliyesimamishwa kazi huzuiwa getini.